Risasi Zilizopimwa Sawasawa

Gervais alikuwa mtu wa kukera kwa upole wake. Nasema hivyo nikimpenda. Tulikaa nyumba moja mtaa wa Malvern, huku kusini tulikokimbilia, kwa miaka mingi, yeye chumba cha uani, mimi chumba cha mbele ambacho mchana kilikuwa saluni yangu, na katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akisema jambo kwa njia iliyonyooka. Akitaka chumvi, atakuuliza kwanza kama siku hizi chumvi inapatikana madukani. Akiona sketi yako imechanika nyuma, atakusimulia habari za jirani yao wa Ngozi, mji wa kwao, aliyewahi kuchaniwa nguo na ng'ombe. Mimi ni mtu wa Bukavu. Kwetu sketi ikichanika tunasema imechanika, tunacheka, tunaleta sindano.

Nilimtania mpaka nikachoka. Alinieleza kwamba kwao Burundi ndivyo mtu anavyolelewa: mkubwa hatajiwi kosa lake usoni, wala mtoto hatajiwi kosa la mzazi wake. Unazunguka, unatoa mfano, unataja mtu wa mbali, na msikilizaji mwenye akili anachukua kilicho chake bila mtu kumwona akikichukua. Nilimwuliza, na msikilizaji asiye na akili? Akacheka tu.

Kazi aliipata mwaka 2009 kwa mzee mmoja Kaburu, huko Kensington, ng'ambo tu ya kilima kutoka kwetu. Jina lake François, na Gervais alimwita Oom François, kwa sababu hivyo ndivyo Makaburu wanavyomwita mwanamume aliyewazidi umri, kama sisi tunavyosema mzee. Alikuwa mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Marthe, mwanamke mtu mzima aliyefanya kazi benki kule Sandton na kuja kumwona baba yake mara mojamoja. Gervais aliajiriwa kukata majani na kufagia uwanja.

Sasa huyu mzee alikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa wa shabaha. Hakuwinda mnyama, hakumlenga mtu. Alipiga karatasi, tena karatasi iliyobandikwa mbali sana, mpaka kuliona tundu lake inabidi utumie darubini. Na risasi za dukani hakuziamini. Alizitengeneza mwenyewe katika chumba kidogo nyuma ya gereji.

Kabla ya Gervais mimi sikujua hata kwamba risasi inatengenezwa nyumbani kama maandazi. Alinifundisha yeye. Kuna ganda la shaba. Kitakoni pa ganda kuna fataki, ndiyo inayowasha. Ndani kuna baruti. Mdomoni panafungwa kichwa, na kichwa ndicho kinachoruka. Vichwa hivyo vinanunuliwa kwenye boksi, na kwa macho vyote ni pacha, lakini mizani inasema vingine. Kimoja kizito kidogo, kingine chepesi kidogo, tofauti ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe. Ukipiga karibu hutaona kitu. Ukipiga mbali, kile kizito kinashuka peke yake na kukuharibia karatasi. Kwa hiyo mtu wa shabaha hukaa na mizani, akapima kichwa kimoja kimoja, na kuvitenga ndugu kwa ndugu.

Vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kutetemeka. Kila akiweka kichwa kwenye kisahani cha mizani, kisahani kilicheza naye. Siku moja alimwita Gervais kutoka kwenye majani, akamwambia anawe mikono na ajaribu. Hakujua kwamba kwao Ngozi Gervais alikuwa mpimaji wa kahawa. Mikono yake ilipenda mizani kama mikono yangu inavyopenda nywele.

Kuanzia hapo majani yalikatwa siku za mvua tu, yaani hayakukatwa. Gervais alifunga dirisha, maana upepo mdogo tu unaisumbua mizani. Aliijaribu kwanza kwa jiwe dogo la shaba ambalo uzito wake unajulikana. Alifuta kichwa kwa kitambaa, akakiweka, akasubiri mshale utulie, akakitia katika kopo lake la majarini. Kopo la katikati lilikuwa la mashindano. Makopo ya pembeni yalikuwa ya mazoezi. Mzee alikaa upande wa pili wa meza akitia baruti kwa chombo kinachomimina kipimo kilekile kila mara, na kufunga, na wote wawili hawakusema neno. Gervais aliniambia kwamba tangu atoke kwao hakuwahi kukaa na mtu kwa amani namna ile.

Mara moja mzee alimletea karatasi ya shabaha kutoka mashindanoni. Matundu yalikuwa yamegusana. Akamwambia, "Hii ni yako na yangu." Gervais akaibandika ukutani chumbani kwake, juu ya kitanda, karibu na kalenda ya parokia. Watu wengine wanatundika picha ya Bikira Maria, yeye akatundika karatasi yenye matundu. Nilimcheka wiki nzima.

Baruti hakuigusa, wala fataki, wala risasi iliyokwisha kufungwa. Sheria inataka kibali, na Gervais kibali alichokuwa nacho ni kile cha kuomba hifadhi, tunachokipangia foleni kila mara kama mkate. Sote tulikuwa tumekimbizwa mitaani mwaka 2008, wenyeji walipowapiga wageni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kuku huyo akikutwa na risasi mfukoni, kamba inahamia shingoni. Mzee mwenyewe alilijua hilo na alimlinda. Risasi zikishafungwa zilikwenda moja kwa moja kwenye sefu ya chuma, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mzee.

Kulikuwa na amri nyingine, na hii ndiyo ya kushika. Mzee alikuwa na baruti za aina mbili, kopo la bunduki na kopo la bastola. Ya bunduki inaungua polepole. Ya bastola ni laini na inaungua ghafla. Ukitia ya bastola ndani ya risasi ya bunduki, hata kwa uzito uleule, bunduki inapasuka mbele ya uso wako. Kwa hiyo mezani lilikaa kopo moja tu, na jingine lilibaki rafuni. Mzee aliirudia amri hiyo kila siku kama Baba Yetu.

Kisha mzee akaanza kupotea. Ilikuwa mwaka 2013. Alianza kwa kumwita Gervais jina la mtumishi wa zamani. Akawa anamwagilia bustani wakati mvua inanyesha. Aliuliza habari za mke wake, na Gervais, badala ya kumwambia mkeo alikwisha kufa, alijibu kwamba mama amepumzika. Marthe aliona kidogo, lakini alikuja kwa saa chache, na kwa saa chache mzee alijikaza, akavaa shati safi, akatania. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui mzee alikuwa anajificha au hakujua.

Ijumaa moja, siku moja kabla ya mashindano, Gervais alimaliza makopo yake, akainua macho. Mzee alikuwa anafunga risasi ya mwisho ya boksi zima. Mezani kulikuwa na makopo mawili ya baruti, yote mawili wazi.

Alinisimulia jioni ile na mikono yake ilikuwa magotini kama mtoto aliyekosa. Alisema alitazama ndani ya kile chombo cha kumiminia na akaona baruti iliyobaki ni laini. Alimwuliza mzee, kwa heshima, kama leo tunatengeneza za bastola. Mzee akakasirika. Akasema yeye amefanya kazi hii tangu kabla Gervais hajazaliwa. Akaichukua ile baruti iliyobaki, akaimwaga ndani ya kopo la bunduki, akatikisa, akafunika. Baada ya hapo hakuna tena aliyeweza kuona kitu. Risasi zikaingia kwenye sefu. Mambo mengi aliyasahau yule mzee, ufunguo hakuusahau.

"Si ungezipima?" nikamwuliza. "Weye si iko na mizani?"

"Angélique, mizani haitasaidia," akasema. "Muzee bado anapima vizuri. Uzito wa baruti iko sawa. Vichwa vyangu viko sawa. Ukipima risasi zote, zote zitasema sawa."

Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kitu kinaweza kuwa sawa kila mahali na bado kikaua mtu.

"Bon. Na ule binti yake? Si unaniambia leo alipita?"

"Alipita. Alileta dawa ya muzee. Nilimungojea ku mlango ya nje, nikamuambia."

Nikashusha pumzi. Nikamwambia asante Mungu.

"Ulimuambia aje?"

"Nilimuambia habari ya mjomba yangu."

"Mjomba gani?"

"Mjomba ya Ngozi. Alikuwa anapika pombe ya ndizi. Kisha kichwa yake ikaanza kupotea, anasahau mutungi gani iko na pombe na mutungi gani iko na dawa ya wadudu. Watoto yake wakaona. Wakamutolea mitungi polepole, bila kumupatisha haya."

Nilimtazama. Nilikuwa na kijiko mkononi na nilitamani kumpiga nacho.

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema pole sana. Akafungua gari." Akanionyesha pembeni pa kiti. Kulikuwa na blanketi zuri la rangi ya maziwa. "Akasema nimutumie mjomba."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikapandwa na hasira mpaka masikio yakauma.

"Gervais, ungemuambia tu: baba yako ametia baruti ya bastola mu risasi ya bunduki, kesho asipige. C'est tout, basi. Hata mutoto wa shule anaweza kusema ile."

"Ni mutoto yake," akasema polepole. "Utamusimamia mutoto ku barabara, umuambie baba yako ameisha akili?"

"Ndiyo."

"Mimi kinywa kilikataa, Angélique. Nilikifungua, mjomba akatoka."

Namba ya Marthe hakuwa nayo, hakuwahi kupewa. Kwenda kwa mzee saa ile haikufaa: jua likishatua aliwasha kengele na nyaya za umeme ukutani na hakumfungulia mtu yeyote. Polisi? Tulitazamana. Wageni wawili wanaingia kituoni kueleza kilichomo ndani ya sefu ya Kaburu. Tukakubaliana tuamke na mapema twende mlangoni kwake, na atakayesema ni mimi.

Asubuhi tulikwenda kwa miguu. Nilivaa nguo ya kanisani ili nionekane mtu. Njia nzima nilijizoeza Kiingereza changu, maneno machache tu, makavu, yasiyo na mjomba ndani yake.

Mzee alikuwa tayari amesimama nyuma ya geti la nyavu, na koti la kijani, na sanduku refu la bunduki miguuni. Alikuwa anamsubiri Marthe. Gervais alivua kofia.

"Oom, habari ya asubuhi."

Mzee alimtazama. Nilimwona anavyomtazama, na nikaelewa kabla Gervais hajaelewa.

"Ninyi ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Oom. Gervais. Wa mizani."

"Simjui Gervais. Mnataka nini kwangu?"

Miaka minne wamekaa meza moja. Gervais alibaki na kofia kifuani. Nikasogea mimi. Nikasema, kwa sauti, kwamba risasi zake ni mbaya, baruti si yenyewe, asipige leo. Nikarudia. Nilikuwa wazi kuliko nilivyowahi kuwa maishani mwangu. Mzee alisikia neno risasi, akatazama sanduku lake, akarudi nyuma, akabonyeza kile kidude cha kuita walinzi kilichokuwa mfukoni.

Walikuja upesi, walinzi wawili wa kampuni ya mtaa, wenye bastola. Walitushusha mpaka kwenye kona, wakatukalisha ukingoni mwa barabara, mikono kichwani. Nikaanza upya kueleza. Mkubwa wao alikuwa kijana wa Kizulu, mstaarabu tu, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Eish, mama," akasema. "Na wewe umejuaje kilichomo ndani ya sefu yake?"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi. Nilimwambia kuhusu makopo mawili. Akauliza tuliyaonaje. Nilimwambia Gervais anafanya kazi mle. Akasema mzee mwenyewe amesema hamjui. Akaomba vibali vyetu akaanza kuvisoma mbele na nyuma. Mimi niliyemcheka Gervais kwa kuzunguka, nilikuwa nimenyooka kama rula, na nimefika palepale alipofika yeye.

Gari la Marthe lilitupita likaingia nyumbani kwa mzee. Halikukaa. Lilipotoka mzee alikuwa kiti cha mbele, na kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale kona ikawaka nyekundu, likasimama hatua chache kutoka tulipokaa. Marthe alitazama mbele. Vioo vilikuwa vimefungwa.

Hapo Gervais alisimama. Mikono kichwani, akasimama, na akapaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. Alisema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba baba yako ametia baruti ya bastola, asipige, atakufa. Alisema neno kwa neno kama nilivyomfundisha usiku. Mlinzi mdogo akamkamata bega na kumkalisha. Marthe aligeuka kidogo, akaona walinzi, akaona watu wawili weusi mmoja anapiga kelele, na akafanya kile ambacho kila mtu wa mji huu anafanya. Alibonyeza kufuli la mlango. Taa ikawa kijani.

Walituachia baadaye, kwa sababu vibali vyetu vilikuwa sawa. Mlinzi mkubwa hata aliniomba radhi. Tulirudi Malvern kwa miguu. Niliogopa. Nilifungua saluni, nikamsuka mtu, sikumbuki nani.

Jumatatu yake Gervais alikwenda kazini kama kawaida, na mfanyakazi wa jirani ndiye aliyempa habari. Bunduki ilipasuka kwa risasi ya kwanza. Jicho la kulia la mzee halikupona, na vidole vya mkono wake mmoja vilikatwa. Hakufa. Alitoka hospitali akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na walisema hakukumbuka kwamba aliwahi kushika bunduki.

Marthe alikuja Malvern baada ya majuma kadhaa. Sijui alimwuliza nani njia. Gari lake lilisimama mbele ya saluni na wateja wangu wakageuza vichwa chini ya vitana. Alikuwa amekonda. Alibeba ile mizani ndani ya kasha lake, akasema baba angetaka Gervais awe nayo. Nilimwita Gervais kutoka uani.

Walikaa kwenye viti vyangu vya wateja, wametazamana. Marthe alisema kwamba polisi walichukua risasi zilizobaki wakazifungua. Vichwa vyote vilikuwa na uzito mmoja. Baruti pia uzito mmoja. Fundi wao alisema hajaona kazi safi namna ile, ila baruti yenyewe haikuwa ya bunduki.

Kisha akaweka funguo za gari mapajani.

"Gervais," akasema, "ile Ijumaa getini. Ulipokuwa unanieleza. Ulikuwa unanieleza habari za baba yangu?"

Nilikuwa na nywele za mtu mkononi. Nilifungua mdomo, kwa maana ukweli ulikuwa hapo wazi na mimi kuusema ndiyo kazi yangu. Gervais alinitazama. Nikaufunga.

"Hapana, madam," akasema. "Nilikuwa naeleza habari za mjomba."

"Una hakika?"

"Mjomba tu, madam."

Marthe alilia. Alilia kwa muda mrefu, na niliona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kumbe alikuwa anautembeza mle garini kati ya Sandton na nyumba ya wazee. Na sisi wale wa barabarani hakututambua, wala hakuuliza. Alipojipangusa alisimama, akamshika Gervais mkono.

"Na mjomba anaendeleaje sasa? Blanketi lilifika?"

"Lilifika. Anashukuru."

Gari likaondoka. Blanketi lilikuwa bado chumbani kwa Gervais, limekunjwa vilevile, hakuwahi kulilalia wala kuliuza. Nilimaliza kichwa cha mteja, nikamfuata uani. Alikuwa ameliweka kasha la mizani chini ya kitanda bila kulifungua, na ile karatasi yenye matundu hakuibandua.

"Gervais," nikasema, "ile Ijumaa sikukuuliza. Ule mjomba, angali muzima?"

"Wajomba yangu wote waliisha mu vita ya mwaka wa tisini na tatu," akasema. "Hakukuwa hata moja ya kupika pombe."

Akasogea kidogo kunipa nafasi kitandani, nami nikakaa.